Dozi ya Bure

"Mgonjwa ameamka. Mlaze."

Sauti ya Mkuu wa idara ya usalama ikakatika sikioni. Sindano, kama alivyoitwa kazini, alijua maana yake: majasusi wa kigeni wameanza kazi, na dakika za kuwazima zinahesabika.

Alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la kompyuta katika chumba cha mitambo cha kampuni, ovaroli ya fundi viyoyozi imemganda mgongoni kwa jasho. Miaka yote kazini, hakuwahi kuogopa hivi.

Kampuni hii ilisambaza akili mnemba ya kupima dozi za dawa. Hospitali kubwa ziliinunua, zikaweka madaktari wa kukagua kila jibu. Maduka madogo ya dawa yalipewa bure. Huko kulikuwa na muuzaji na simu yake, basi. Simu ikisema vijiko viwili, ni viwili.

Leo, majasusi wakiwa wameivuruga, ingesema vitano.

Kwa watoto tu.

Na mdogo wake Sindano alikuwa na duka la dawa.

Buti zikalia sakafuni. Mlinzi aliyenunuliwa na majasusi, pande la mtu, bastola ya Glock mkononi.

"Toka! Nimekiona kivuli chako."

"Mkuu," Sindano alinong'ona, "nikate umeme?"

"Haisaidii, kuna jenereta. Tafuta njia nyingine."

Njia ipi? Ukutani, pembeni ya mlango, kilikuwepo kitufe chekundu cha kuzimia moto. Ukikibonyeza, gesi hujaa chumbani na mitambo yote hujizima.

Mlinzi alisimama katikati.

Sindano akarusha bisibisi kona ya mbali. Mlinzi akageuka, akafyatua.

Sindano akachomoka.

Risasi ya pili ikapita karibu na shavu. Akabonyeza, akaruka nje ya mlango. Gesi ikafoka. Taa za mitambo zikazimika moja baada ya nyingine.

Mlinzi alitoka akitambaa, anakohoa, bastola kaiacha ndani. Sindano akamfunga pingu kwenye bomba la ukutani, kisha akapiga simu.

"Mdogo wangu, umempa mtoto yeyote dawa sasa hivi?"

Simuni kilisikika kilio cha mtoto.

"Mdogo wangu!"

"Nipo, dada. Kuna mmoja, kapakatwa na mama yake hapa. Simu imesema vijiko vitano, halafu ile programu ikajizima. Nimempa kimoja tu, roho ikasita."

"Acha hapo hapo. Mpelekeni kwa daktari amwangalie."

"Sawa. Mbona kama unalia?"

"Mafua."

Akakata. Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akapishana na askari waliotumwa na Mkuu wakipanda ngazi mbiombio, akatoka mtaani taratibu, kama fundi anayekwenda kula.