Msimamizi Mpya wa Chumba cha Kufulia

Kila asubuhi chumba cha kufulia cha hospitali kilijaa mvuke. Mashine zilinguruma, pasi zilifuka, na shuka nyeupe zilipita mikononi mwa wanawake.

Zamani msimamizi alikuwa mmoja wao. Alikunja shuka na shoga yake, Kicheko. Mmoja alishika pindo huku, mwingine kule. Walisogeleana na kuachana, wakipiga soga mpaka mbavu ziwaume.

Kisha akapewa funguo za stoo na meza karibu na mlango. Tangu hapo, akiingia tu, soga zilikatika. Akitoka, zilianza upya. Hakuna aliyemtukana. Walimwita "bosi" tu, na neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

Kicheko naye akaanza kuchelewa. Shuka zikarundikana. Msimamizi alikaa kimya. Angemwambia nini mtu aliyekula naye sahani moja? Akazikunja mwenyewe. Akasukuma toroli mpaka wodini mwenyewe. Jioni mgongo ulikuwa hauinuki.

Siku moja muuguzi mkuu alikuja mbio.

"Mgonjwa wangu ametoka kupasuliwa, amelala kwenye godoro tupu. Shuka ziko wapi?"

Msimamizi alikimbilia rundo la shuka. Aliona aibu, lakini kilichomuuma zaidi ni yule mgonjwa.

Jioni hiyo alikaa uani na jirani yake, mama mmoja aliyekuwa mpishi mkuu wa hoteli kabla ya kustaafu.

"Mama, nataka kurudisha funguo. Nikunje shuka zangu tu, kama zamani."

"Unazikumbuka shuka, au unamkumbuka shoga yako?"

Machozi yakamlengalenga. "Yeye, mama."

"Basi ukirudisha funguo hutampata. Kimya kimeshakaa kati yenu. Umemwambia kwamba anachelewa?"

"Naogopa atanichukia."

Mama akacheka kidogo. "Bosi wangu wa kwanza alikuwa kama wewe. Alimwogopa mpishi wa mchuzi kuliko moto. Akanyamaza, akanyamaza, siku moja akalipuka mbele ya watu wote. Kesho yake mchuzi ulikuwa chumvi tupu!"

"Sasa nifanyeje?"

"Mwite pembeni. Usimwambie 'wewe mvivu', kwani hujui yaliyomkuta. Sema ulichoona: amechelewa, na mgonjwa amekosa shuka. Kisha muulize kuna nini. Ukishauliza, funga mdomo usikilize. Wengi hushindwa hapo. Halafu tafuteni njia pamoja."

"Na sauti ikitetemeka?"

"Iache itetemeke. Haijaua mtu. Haya, mimi ndiye Kicheko. Anza."

Mama akabinua midomo na kugeuza uso. Msimamizi alijaribu, akakwama, wakacheka, akajaribu tena mpaka maneno yakanyooka.

Asubuhi alimwita Kicheko stoo, akafunga mlango.

"Shoga, wiki hii umechelewa mara nyingi. Jana mgonjwa alilala kwenye godoro tupu. Kuna nini?"

Sauti ilitetemeka kweli. Akafunga mdomo.

Kicheko alitazama sakafu. "Mama mkwe ameanguka, hawezi kusimama. Lazima nimwogeshe na kumlisha ndipo nitoke. Nilitaka kukuambia. Lakini kila nikikukaribia unashika toroli, unakimbia. Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka."

"Nami pia," msimamizi akasema, akamshika mkono. "Pole sana. Lakini wagonjwa wanazihitaji shuka asubuhi. Unaonaje, tufanyeje?"

Kicheko akafikiri. "Nipe zamu ya mchana. Mpiga pasi wa mchana anaitaka ya asubuhi, awahi watoto wake wakitoka shule."

Wakamuuliza mpiga pasi, naye akakubali kwa furaha. Wakapatana kwamba baada ya wiki watatazama kama mpango unafaa. Ukafaa. Shuka zikawa zinafika wodini kabla ya madaktari kupita. Msimamizi akaacha kubeba kazi za watu wote. Badala yake alizungumza na kila mmoja, akampa kazi na kumwamini nayo.

Zamani haikurudi. Sasa yeye na Kicheko walionana kwa muda mfupi tu, zamu zikibadilishana. Mara nyingine aliwatazama wengine wakikunja shuka, na mikono yake ikamwasha kwa hamu. Alivumilia, akaendelea na kazi.

Mchana mmoja, zamu zikibadilishana, aliwakusanya wote, awapangie safari mpya za toroli. Kabla hajamaliza, Kicheko akainua mkono.

"Bosi, hapo umekosea. Wodi ya watoto umeiweka mwisho. Hao ndio wanaolowesha shuka kuliko wote!"

Watu wakamtazama msimamizi.

"Kweli," akasema. "Sikuliona hilo. Asante. Watoto watangulie."

Mpiga pasi akaweka pasi yake chini. "Basi na mimi nina langu, bosi. Nimekaa nalo siku nyingi."

Msimamizi akavuta kiti, akakaa katikati yao.

"Sema, dada," akamwambia. "Nakusikiliza."