Kompyuta Ndogo ya Pini

Jumamosi mchana, ukumbi wa chini wa jengo la vifaa vya umeme ulikuwa umefurika. Wauzaji walipaza sauti, waya zilining'inia kila kona kama nguo zilizoanikwa, na wanunuzi walikanyagana wakiombana radhi. Katikati ya purukushani hiyo mikono miwili ilitua, kwa wakati mmoja, juu ya kadi moja ya picha ya kompyuta, iliyokwisha kutumika.

"Samahani dada, hiyo nilikuwa naichukua."

"Samahani kaka, mimi nimeshaichukua."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana mrefu aliyevaa shati la kijani lililotoboka mfukoni kwa cheche za kulehemu. Alikuwa fundi wa kompyuta, na kwa wembamba wake na kazi yake, jengo zima lilimwita Waya. Mkono wa pili ulikuwa wa msichana mfupi mwenye gauni la bluu la mikono ya kuvimba, alilolishona mwenyewe. Alikuwa na duka la kushona mitaa miwili kutoka pale, na kwa kuwa ukosi wake haukukosa pini hata siku ya mapumziko, hata mama yake alimwita Pini.

Pini aliivuta kadi kwake, akatoa tepu ya kupimia shingoni na kuitandika juu yake.

Waya akacheka. "Unaishonea gauni?"

"Kila kitu kinavaa. Hii itavaa kasha dogo. Likizidi kiatu cha mtu mzima haliingii kwenye rafu yangu ya nyuzi."

"Na ndani ya kiatu hicho unataka kucheza gemu gani?"

"Mbio za magari."

"Wewe?"

"Kwani unadhani miguu haitafika kwenye breki?"

Muuzaji alipiga meza. "Nyie, mkimaliza kuchumbiana mniambie nani analipa!"

Pini alitazama chini kwa aibu, lakini kadi hakuiachia. Waya ndiye aliyelegeza mkono.

"Haya, chukua. Ila niambie nani anakuundia hiyo kompyuta, nijue mpinzani wangu kibiashara."

"Najiundia."

Alilisema kwa sauti ndogo, na Waya akahisi kwamba neno lile lilikuwa limepita njia ndefu kabla ya kufika pale.

Kweli lilikuwa limepita. Baba yake ndiye aliyemchagulia kazi. Mama ndiye aliyemchagulia duka. Kaka yake, aliyekuwa na kompyuta kubwa kama jokofu, kila alipomwondoa kwenye kiti katikati ya mbio alimwambia, "Tulia, nitakuundia ya kwako." Kaka akaoa, akahama na jokofu lake, na Pini akabaki ametulia. Sasa alikuwa amechoka kutulia. Alitaka kiwepo kitu kimoja duniani ambacho yeye, kwa mikono yake, alikikuta ni vipande na kukiacha kizima. Pesa zake zilikuwa chache, basi angenunua kipande kimoja kimoja, kila wateja wa sare za shule walipolipa.

Waya alimpa kona ya meza yake ya ufundi, pale jengoni, kila Jumamosi jioni. Sharti lilikuwa la Pini: yeye aulize, Waya ajibu, na mikono iwe ya Pini peke yake.

"Gusa bati kwanza," Waya alimwambia siku ya kwanza. "Mwili una umeme wake. Ukigusa bodi hivihivi unaweza kuiua."

"Mimi nina umeme?"

"Tele. Mbona mimi tangu nikuone silali."

Pini aliangusha skrubu. Walipoinama kuitafuta chini ya meza, vichwa vyao vikagongana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuipata.

Basi ndivyo mapenzi yalivyoanza. Mchana simu ya dukani kwa Pini haikupoa.

"Haloo, fundi."

"Fundi ni wewe."

"Umekula?"

"Nakula uzi tu, mpenzi. Nina magauni ya maarusi mpaka shingoni. Na wewe?"

"Nakula vumbi la kompyuta ya mhasibu. Imejaa utadhani ndani kuna mtu anafagia."

Shangazi yake Pini, aliyekuwa akikunja vitambaa pembeni, aliguna. "Huyo Waya wako akikatika, mtaa mzima utakosa umeme."

Vipande vikatimia: prosesa ya mtumba, vijiti vya kumbukumbu vya RAM, bodi ndogo ya mraba, na kasha jeupe ambalo vipimo vyake Pini alivisoma kwenye boksi. Siku ya kufunga kila kitu, aliisukuma kadi ya picha mahali pake. Ikagoma. Akaigeuza, akasukuma tena. Ilizidi kwa unene wa kucha.

"Haiwezekani," alisema. "Niliipima!"

Waya alichukua rula ya chuma, akailaza kando ya tepu yake. Wote wawili wakaona. Tepu ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuzungushwa viunoni mwa watu, na namba zake zilikuwa zimeachana. Kwenye kushona haikumdhuru, kwa sababu mwili na kitambaa vilipimwa kwa tepu ileile. Lakini kasha lilikuwa limepimwa kiwandani.

Macho ya Pini yalijaa machozi, ila hayakumwagika. Alivifunika vipande kwa kitambaa. "Usiseme kitu. Nitafikiria. Nitapata njia."

Waya alimsindikiza mpaka mlangoni na moyo wake ukabaki umekunjamana. Hakuyasikia maneno "nitapata njia". Alichokiona ni machozi tu.

Wiki ile, Pini akiwa ameshikwa na magauni ya harusi, Waya alifunua kitambaa. Alikata ukingo wa bati kwa msumeno, akaulainisha kwa tupa, akaipachika kadi, akafunga waya zote na kuzilaza vizuri kama nywele zilizosukwa. Akawasha. Feni zikaimba. Akapiga simu.

"Mpenzi, pitia hapa ukitoka. Kuna kitu chako."

Pini alifika na gauni la njano na mtandio mwepesi, pumzi zikimkimbia. Kasha jeupe lilikuwa mezani, linawaka, na gari jekundu linasubiri kwenye mstari wa kuanzia kwenye skrini.

"Nimekuundia!" Waya alisema, mikono ameitandaza kama mtu anayesubiri kukumbatiwa.

Pini alisimama. "Nani aliwasha?"

"Mimi. Ikakubali mara moja! Yaani hata..."

"Nipe bisibisi."

Alizima. Akavuta kiti, akaanza kufungua: kadi, feni, vijiti, prosesa, bodi. Alifuta, alipanga, alifunga kila kipande kwenye kitambaa chake.

"Pini, lakini ilikuwa inafanya kazi!"

"Najua."

"Sasa kosa langu nini?"

Alibeba vyote kwenye kikapu, akapita katikati ya watu, na mtandio ukamwanguka begani bila yeye kuuokota. Waya aliuokota. Simu alizopiga baada ya hapo zililia mpaka zikajichokea.

Aliwaza, akapata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la fundi: ni kule kukata kasha. Jumatatu alifika dukani na kasha jipya, jeupe, zima.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo hapa kuna joto, angalia usiungue."

Waya aliliweka kasha juu ya meza ya kukatia. "Nisamehe, mpenzi. Nililiharibu lako. Hili halijaguswa na msumeno."

Pini alitoa pini mdomoni moja moja kabla ya kusema. Alikuwa mtu wa aibu, na maneno makali hakuyazoea, hivyo yalitoka taratibu.

"Unadhani nimekasirikia bati?"

"Sasa..."

"Tangu nizaliwe watu wananipenda kwa kuninyang'anya. Wananionea huruma, halafu wananifanyia. Nikakuambia wewe, wewe peke yako, kwamba hiki nakitaka kwa mikono yangu. Ukakubali. Halafu ukaniona nimekwama ukadhani nimeshindwa." Akazichomeka pini ukosini. "Kukwama si kushindwa, Waya. Ulinichukulia kukwama kwangu."

Kwa mara ya kwanza Waya alimsikia.

"Kweli," alisema. "Nimekosa."

"Kasha liache. Sasa nenda."

Alipoondoka, shangazi akasema, "Mwanangu, mwanaume anayekiri haraka hivyo usimkaushe sana, atapasuka."

"Shangazi, acha kwanza nimalize kazi yangu."

Akaimaliza kwa namna yake. Alifikiri akishona, akafikiri akipiga pasi, na jawabu likamjia mikononi kabla ya kufika kichwani. Feni ya mbele ndiyo iliyokula nafasi. Aliitoa. Akaigeuza, akaiweka juu ya kasha, kwa nje, penye wavu wa bati, akachukua sindano ya mazulia na uzi wa nailoni, akaishona. Mshono juu ya mshono, pembe zote nne. Aliitikisa, haikucheza. Kisha akaisukuma kadi, na kadi ikaingia. Akafunga vipande vilivyobaki, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Feni ziligeuka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Alikaa akiitazama. Halafu akachukua simu.

"Haloo?" Waya alipokea kabla haijalia vizuri.

"Haiwaki vizuri. Njoo. Lakini mikono yako uiache hukohuko."

"Nitaikalia."

Na kweli aliikalia. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, viganja chini ya mapaja, akainama kutazama ndani ya kasha, na tatizo akaliona papo hapo. Uso wake ukabadilika.

"Umeona," Pini alisema.

"Sijaona."

"Muongo. Sikio lako limesimama."

"Niulize swali, nitajibu. Ndilo sharti."

Pini aliuma mdomo, akaanza upya. Alitoa vijiti, akavirudisha. Alichunguza kadi. Waya alitoka jasho. Alitazama dari, akatazama majora ya vitambaa, akaanza kumhesabia shangazi vifungo bila kuombwa. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Prosesa inakula umeme wapi?" Pini aliuliza hatimaye. "Kwenye waya huu mkubwa, au ina wake?"

"Ina wake."

Kidole chake kikatembea pembeni mwa bodi, kikafika kwenye kona chini ya feni aliyoishona, kikakuta tundu tupu. Alivuta waya uliokuwa umejificha nyuma, akauchomeka mpaka ukalia *ta*. Akabonyeza.

Skrini ikajaa mwanga.

Aliziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yale ya siku nyingi yakashuka bila kumwomba ruhusa. Waya alibaki amekalia mikono yake, naye macho yamemlowa.

"Naweza kuitoa sasa? Imekufa ganzi."

"Itoe."

Aliitoa, akaipapasa, akakohoa. "Nilikuwa nafikiria nizungumze na shangazi, au niwaone wazazi..."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu wewe na mimi."

"Basi usianzie kwa shangazi. Niulize mimi."

Waya akasimama, akaona anamzidi urefu, akakaa tena. "Utakubali nikuoe?"

Pini alikuwa ameshafungua mbio. Gari lilinguruma, akaliingiza barabarani, akagonga ukuta, akapitwa na kila mtu, akacheka peke yake kama mtoto. Waya alisubiri. Hakumwelekeza hata pale alipokosea gia.

"Ndiyo," Pini akasema, macho kwenye skrini.

"Ndiyo nini?"

"Swali lako. Usinifanye nirudie, kuna kona inakuja."