Wageni wa Nyumba ya Bi Tabu

Kila asubuhi Auleria alikwenda kuchota maji kisimani, mbali na nyumba waliyopanga Temeke. Foleni ilikuwa ndefu na maji yenyewe ya tope. Usidhani alikuwa mvivu, la hasha. Aliamka kabla jogoo hajawika, na bado alichelewa shule.

Siku moja Mwalimu Gregori aliandika ubaoni neno la Kiingereza, "population", yaani idadi ya watu wa mahali.

"Mwalimu, na sisi tuliotoka Bukoba tumo?" Auleria aliuliza.

"Mmo. Waingereza wakisema population ya Temeke, ni wote wanaoishi hapa, mwenye nyumba na mpangaji. Hawaulizi babu yako kazikwa wapi. Kesho karani atapita kuhesabu watu. Mtaa wenye watu wengi ndio utakaopewa bomba la maji."

Kesho yake karani, Bwana Fakihi, alipiga hodi. Mzee Theonest, baba yake Auleria, alimkaribisha kwa heshima zote.

"Sie ni wageni hapa, bwana," alimwambia. "Kwetu Bukoba. Tutahesabiwa huko na ndugu zetu."

Wapangaji wengine nao wakasema vivyo hivyo, huyu kwao Songea, yule kwao Lindi. Katika nyumba iliyojaa watu tele, aliyekubali kuhesabiwa ni mwenye nyumba peke yake, Bi Tabu.

Karani akaanza kukusanya karatasi zake. Auleria akasogea mbele. Kumkosoa baba mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, lakini akinyamaza, bomba ndiyo basi tena. Akapiga goti, kama wasichana wa kwao wanavyofunzwa.

"Baba, maji ya leo tumechota wapi?"

"Kule kisimani, mwanangu."

"Basi Mwalimu katufundisha kwamba mtu huhesabiwa anapoishi. Tukihesabiwa Bukoba, bomba la hapa tutalipataje?"

Baba aliitazama ndoo ya maji ya tope, kisha akacheka taratibu. "Bwana Fakihi, hebu keti tena. Tuandike sote."

Wapangaji wengine wakamfuata.

Mwaka uliofuata bomba likawekwa karibu na nyumba. Siku lilipofunguliwa, Mzee Theonest alijaza kikombe, akampa Auleria kabla ya wakubwa wote.

"Ahsante, mwanangu," alisema, na wapangaji wote wakisikia. "Mie nilidhani nikijihesabu wa hapa nitakuwa nimekana kwetu. Kumbe mtu aweza kupakumbuka kwao na bado akapajali anapoishi. Nawe ukijua jambo la kweli, liseme kwa adabu, hata kwa baba yako. Haya, kunywa uwahi shule."

Auleria akanywa, na siku hiyo alifika kabla ya kengele.