Filamu Iliyoonyeshwa Bila Sauti

Ndugu zangu wa mtaa, mnamkumbuka Mama Pindo, fundi cherehani wa pale kona? Asubuhi ile alikuwa anashona sare huku akiimba, na bintiye wa miaka kumi na miwili akiokota pini sakafuni. Nyumba ilikuwa na amani yake. Ndipo mwanafunzi wa filamu akabisha hodi na kamera yake.

Mwalimu wake aliwatuma yeye na wenzake mitaani watengeneze filamu pamoja na wenyeji, kwa sharti moja: wahusika waitazame kwanza, na wanachokikataa kitolewe. Mwanafunzi aliitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa hakuchoshi mtu.

Siku ya tatu, binti akiwa shuleni, fundi alishusha sauti.

"Hapo umezima, mwanangu?"

"Wewe endelea tu, mama."

Akaendelea. Binti yule hakumzaa yeye; aliachiwa mtoto huyo na mpangaji aliyehama bila kuaga. "Nitamwambia mwenyewe akikua. Akijua sasa nitampoteza."

Kamera ilikuwa inarekodi. Mwanafunzi alijua, na moyo ukamdunda kwa furaha: amepata kisa cha kuwaliza watu. Aibu iliyoje!

Alirudi na filamu kwenye simu, sauti kaizima kabisa. "Sauti bado haijawekwa," alidanganya.

Fundi alijitazama akacheka. "Kumbe napendeza hivi! Haya, onyesha tu."

Ukumbi wa chuo ulijaa. Mama na binti walikaa mbele, wameshikana mikono. Maneno yale ya siri yalipotoka kwenye spika, mwanafunzi, aliyekuwa akisubiri makofi, aliona mkono mdogo ukijichomoa.

"Ni kweli?"

"Mwanangu..."

"Watu wote wamejua pamoja na mimi!"

Wiki iliyofuata mwanafunzi alikwenda kuomba radhi. Binti alikuwa amehamia kwa dada wa fundi, na hataki kurudi. Fundi alikuwa amepiga magoti, anaokota pini mwenyewe.

"Si ulisema sauti bado haijawekwa?" aliuliza bila kuinua macho.

Mwanafunzi akainama amsaidie.

"Acha. Hiyo ni kazi ya mwanangu."

FUNZO

Enyi mnaojifunza kazi hii, nanyi walimu mnaowapa alama: ukiingia kwa mtu na kamera, alichokuambia bado ni chake. Mwonyeshe chote, na sauti yake, kabla ya wengine. Akisema toa, toa, hata kama ndicho kipande cha kukupa sifa. Mwanafunzi yule aliifuta filamu yake. Aliyoyasikia binti ukumbini hakuweza kuyafuta.