Nilinyamaza Msibani, Wakasema Nimemuua Rafiki Yangu

Nina miaka thelathini na tatu, ni baba wa mapacha, Kulwa na Doto. Nimezaliwa Nyahanga, pale Kahama. Leo naishi peke yangu kwenye chumba cha kupanga Geita mjini na nauza viatu vya mitumba. Mtajiuliza, mwanaume mwenye mke na watoto amefikaje huko? Nivumilieni niwasimulie, maana hata sasa ninapoandika bado nina hasira!

Nilikuwa mchimbaji Rwamgasa. Niliingia machimboni pamoja na Shija, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Tulikula sahani moja, tulilala chini ya turubai moja. Mama yake hakuwahi kunitofautisha na mwanawe. Nikimpa shikamoo, ananijibu "marahaba mwanangu" na kunisogezea kigoda.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Asubuhi tukashuka duarani, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu. Magogo yanayozuia kuta yalikuwa yamelowa. Shija alikuwa mbele yangu. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika... halafu giza.

Kifusi kilimfunika mpaka kifuani. Mimi kilinibana miguu. Alinishika mkono, tukawa tunaongea, mpaka ikafika wakati nikawa naongea peke yangu. Waliponifikia, ilibidi wavibandue vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wangu.

Mimi nilitoka mzima. Sikuvunjika popote! Na hilo ndilo lililoniponza, ndugu zangu.

Nilirudi Nyahanga kupumzika, na huko ndiko nilikoanza kupotea. Sijui niite vipi. Nimekaa nakula, ghafla sauti za watu zinakwenda mbali kama redio ya nyumba ya tatu. Naiona mikono yangu lakini naona kama ni ya mtu mwingine. Mama Kulwa ananisemesha, naona midomo inacheza, lakini siwezi kujibu. Nikizinduka, ugali umepoa na watoto wamejificha nyuma ya mama yao.

Nilikwenda zahanati. Nikapimwa malaria, nikapewa dawa za kichwa. Nikarudi tena, nikaambiwa nipunguze mawazo. Nipunguze mawazo! Kana kwamba mawazo ni koti, unalivua na kulitundika msumarini!

Wenzangu wa machimboni walinipigia simu wakaniambia nikaze moyo. Mchungaji aliniombea, naye namshukuru, lakini wakati anaomba mimi sikuwepo. Nilikuwa nimesimama mbele yake macho wazi... na sikuwepo. Kaka yangu Charles, ambaye ndiye mkubwa wetu, alisema najifanya ili nisirudi kazini. Mnajua inavyouma, kuumwa kitu ambacho hakina kidonda cha kuonyesha?

Mwishowe Charles alinipeleka kwa mganga, mbali kidogo na mji. Mganga aliniangalia, akamwambia kaka kwamba marehemu ananifuata. Kaka akauliza kwa nini anifuate mimi. Mganga akajibu kwamba hilo aulizwe mwenyewe.

Kwetu huku, neno hilo lilitosha. Kaka yangu wa tumbo moja alikwenda kusema kwenye vilabu vya pombe kwamba nimemtoa Shija ndagu! Kwa wasiojua, ndagu ni ule uchawi ambao mtu anatoa uhai wa ndugu au rafiki yake ili apate utajiri. Utajiri gani niliokuwa nao mimi? Hata kitanda nilichokuwa nalalia nilipewa na baba mkwe!

Kisha ikafika siku ya kumaliza msiba nyumbani kwa Mama Shija. Mke wangu alinisihi nisiende. Nikasema nitakwenda, yule ni mama yangu. Nilitaka kumweleza mwanawe alivyokufa, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa naye.

Nilikuta watu wamejaa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita na ardhi inanukia. Mama Shija alisimama mbele ya wote akaniuliza kwa upole, "Masanja mwanangu, hebu niambie. Shija alikufaje?"

Nikafungua mdomo. Ile harufu ya udongo mbichi ikaniingia puani... na nikaondoka. Nilikuwa nimesimama pale, lakini nilikuwa duarani. Aliniuliza tena. Akaniuliza huku analia. Mimi kimya, nimekodoa macho kama sanamu!

Charles akasema kwa sauti, "Mmeona wenyewe? Mtu asiye na hatia anakosa la kusema?"

Jiwe la kwanza lilinipata begani. Hayo yaliyofuata nimesimuliwa tu. Balozi wa nyumba kumi alinivuta, akanipakiza kwenye bodaboda na kuwaamuru vijana waniache. Wiki hiyohiyo baba mkwe alikuja kutoka Chato akamchukua Mama Kulwa na watoto. Hakutaka hata kuketi. Alisema binti yake hawezi kuishi na mtu wa aina yangu.

Nikakimbilia Geita. Nikawa naokoteza vibarua na kufukuzwa, maana nani atamvumilia kibarua anayeganda kazini? Siku moja nikapotea katikati ya barabara. Lori lilipiga honi mpaka watu wakapiga kelele, mimi nimesimama tu. Mama mmoja muuza nyanya alinivuta kando, akanipeleka hospitali mwenyewe. Kule wakanielekeza kwa muuguzi wa afya ya akili.

Nilipoona kibao cha mlango nilitaka kugeuka. "Mimi si kichaa!" nilimwambia.

"Hakuna aliyesema wewe ni kichaa," alinijibu. "Kaa, uniambie unakwendaga wapi."

Kumbe kulikuwa na swali la namna hiyo! Miezi yote ile kila mtu aliniuliza nimefanya nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza nakwenda wapi. Nililia mpaka nikaona aibu.

Alinieleza kwamba mle shimoni akili yangu ilijitoa ili maumivu yasinimalize. Ilinisaidia. Tatizo ni kwamba haijajua kama nimeshatoka, kwa hiyo kila ikikutana na harufu au mlio wa siku ile, inajitoa tena. Akasema kuna njia za kujirudisha, na zinafundishika.

Nitasema ukweli, mwanzoni nilimdharau. Aliniambia nikandamize nyayo sakafuni nione ardhi imenibeba. Nikafanya, na papo hapo nikarudi kwenye kifusi, kwa sababu ndiyo miguu iliyobanwa! Nikamwambia dawa yake ni mbovu. Hakukasirika. Alisema, "Basi miguu tuiache. Kila mtu na mlango wake wa kurudia." Tukajaribu jiwe la kushika mkononi. Jiwe, kwa mchimbaji! Nikalitupa. Nilitoka pale nimechukia, nikasema sirudi.

Nilirudi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Mlango wangu ukaja kuwa limao. Naliuma, ule uchachu unanikamata ulimi, maana mle shimoni hakukuwa na limao. Halafu nataja kwa sauti ninavyoviona: ndoo ya bluu, mbuzi, mama mwenye kanga nyekundu. Kisha najiambia: "Naitwa Masanja. Niko Geita sokoni. Kumekucha, na nimeshatoka." Muuguzi alisisitiza nifanye hivyo kila siku hata nikiwa mzima, ili nikizidiwa mdomo uwe umeshazoea. Sokoni walinicheka, wakaniita Bwana Limao. Siku nyingine ilikubali. Siku nyingine, hasa mvua ikinyesha, ilikataa kabisa, nikalala kwa hasira nikijiuliza kwa nini mwili wangu mwenyewe haunisikii!

Mama Kulwa alipokuja kunitembelea kwa kujiiba, muuguzi alimwita naye. Akamfundisha asinitikise wala asinishike mkono, maana mkono wangu unamkumbuka Shija. Aniite jina, aniambie tuko wapi. Mke wangu alilia, akasema, "Baba Kulwa, mimi nilidhani umenichoka."

Nilipojiona nimeimarika, nilimwomba anisindikize kwa Mama Shija.

Tulimkuta uani anabambua karanga. Nikasema, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Hakuitika. Lakini hakutufukuza.

Nikaanza kusimulia. Nilipofika pale kifusi kilipoanguka, sauti zikaanza kwenda mbali. Nikamwambia, "Mayu, nisubiri kidogo." Nikauma limao. Mke wangu akasema taratibu, "Masanja, tuko kwa Mama Shija. Ni mchana." Nikataja: ungo, karanga, kuku mweupe, mama yangu. Yule mama aliacha kubambua, akawa ananiangalia tu.

Nikarudi. Nikamaliza kusimulia.

"Aliniita?" akauliza.

"Alikuita, mayu. Alisema ile michembe ya viazi vikavu uliyotutumia ilikuwa tamu, na kwamba mimi nimemlia yote, nikija nikuombe mingine. Alikuwa anatania, hata mle ndani."

Alicheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa muda mrefu. "Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile sikuwepo, mayu."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na mimi nikawaacha wakupige mawe," alisema. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na chake.

Msidhani mambo yote yamekaa sawa. Charles hajaniomba radhi mpaka leo, na tukikutana anavuka barabara. Baba mkwe bado amemng'ang'ania binti yake Chato. Wapo wanaoamini mpaka kesho kwamba mimi ni mtu wa ndagu. Na mimi bado napotea, ingawa sasa nachelewa kuondoka na nawahi kurudi. Nani atanilipa watoto wangu waliojifunza kuniogopa?

Ndugu msomaji, kama limekupata janga na unajiona unaelea nje ya mwili wako, usijifiche kama nilivyojificha mimi. Nenda hospitali, uliza panapohudumiwa afya ya akili, na wakikupa vidonge vya malaria, rudi tena useme. Njia ya kwanza ikikataa, omba ya pili.

Na wewe uliye mzima, nakusihi! Ukimwona mtu amekodoa macho hajibu, usimpige kofi, usiseme anajifanya, usimtafutie dhambi. Kaa karibu naye. Mwite jina lake. Mwambie yuko wapi na kwamba yuko salama. Halafu nyamaza, umpe muda wa kufika.