Wimbo Uliokatazwa Kiwandani

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba 1974. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa wa joto, na mawingu ya mvua yalianza kutanda. Bujiku alisali, akanywa uji, akaenda kazini. Alikuwa kiongozi wa wabebaji katika kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Mhunze.

Pamba ya wakulima ilikuwa imejaa uwanjani, nje. Ya mke wake, Nyamizi, ilikuwa humo, bado haijapimwa. Ingenyeshewa, isingepokelewa.

Wasukuma hulima kwa wimbo, na wabebaji walibeba vivyo hivyo. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, na miguu ikaenda pamoja. Lakini meneja mpya, Ndugu Donatus, alikuwa amekataza kuimba. Hakusema sababu, nao hawakuuliza. Sasa kila mtu alitembea kivyake. Waligongana mlangoni, magunia yakaanguka.

"Tunabeba pamba kama tunabeba maiti," alisema Mabula, mmoja wa wabebaji.

Meneja alidhani wanamgomea.

Jioni, kwenye darasa la watu wazima, Bujiku alimsimulia mwalimu wao, Febronia. Alitaka sana kujua kwa nini mtu achukie wimbo.

"Umemwuliza, Bujiku?"

"Nani amwulize meneja?"

"Yeye hajui mnachokijua ninyi. Nanyi hamjui anachokijua yeye. Kazi imekwama hapo."

Asubuhi Bujiku aliomba Mungu ampe maneno ya upole, kisha akaenda kuuliza. Meneja alishangaa kidogo. Akampeleka kwenye mashine.

"Sikiliza. Jiwe likiingia humu, linagonga na kutoa cheche. Pamba inawaka. Mkiimba humu ndani, sitalisikia." Akamgeukia Bujiku. "Lakini ninyi mnaimba kwa nini?"

"Wimbo unatupangia hatua, Ndugu Meneja. Bila wimbo tunagongana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nawe hukutuambia."

Wote wawili wakacheka. Walikubaliana wabebaji waimbe uwanjani, na wanyamaze wafikapo mlangoni. Siku hiyohiyo magunia yalianza kwenda mbio. Ijumaa mvua kubwa ilinyesha. Ilikuta uwanja mtupu. Pamba ya Nyamizi ilikuwa imeshapimwa, iko ndani, kavu.

Wafanyakazi wote walijikinga chini ya paa la bati. Donatus alisimama mbele yao, akapaza sauti kuishinda mvua.

"Naahidi mbele yenu nyote. Sitatoa amri tena bila kueleza sababu yake."

Mabula alimsukuma Bujiku mbele. Bujiku akavua kofia.

"Nasi tunaahidi, na Mungu anatusikia. Tusipoelewa, tutauliza kwanza. Kununa baadaye."