Uyoga wa Munir

Kaka yangu Munir alikuwa na duka la mabuibui hapa Minneapolis, na wateja wake wengi walikuwa wanawake wa Mombasa na Lamu. Saratani ya ini ilimpata akiwa na miaka arobaini na moja. Madaktari waliposema hawana tena la kufanya, mkewe, wifi yangu Nasima, alikwenda Saint Paul kwa Bi Qiu, mganga mzee wa Kichina.

Bi Qiu hakuahidi kuponya. Alitoa uyoga mwekundu, mgumu kama gome, akamfundisha: uloweke, ukate vipande vyembamba, uchemshe na tangawizi kwenye chungu cha udongo, moto mdogo, hadi kibaki kikombe kimoja.

"Utamsaidia kukaa kidogo," alisema. "Akishaondoka, kivunje chungu."

Munir aliunywa wiki sita, akikunja uso kwa ukali wa dawa. Februari akafariki.

Nasima akakaa eda. Jumamosi moja mchana niliendesha gari kutoka kwangu Roseville kumpelekea chakula. Nilipofungua mlango, harufu ya uyoga ikanipokea. Jikoni, chungu kilikuwa kinatokota.

"Unamchemshia nani, wifi?"

Akaweka kidole mdomoni. "Kaa. Usimshtue."

Akamimina kikombe, akakiweka mbele ya kochi alilokuwa akilala Munir. Tukakaa. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia kwamba huzuni imemzidi.

Ndipo dawa ikaanza kupungua.

Polepole. Kikombe hakikusogea. Nikasikia koo likimeza. Kisha pumzi. Kisha ule mguno wake, ule ule wa siku za mwisho, uliokuwa ukitufanya tulie nyuma ya mlango ili asituone.

Kochi likabonyea upande mmoja.

"Anakuja kila siku," Nasima alinong'ona. Alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja.

"Bado anaumwa, Nasima."

"Najua."

"Kwa hiyo kila ukimpa dawa..."

"Najua, Zamzam! Lakini nikiacha, hatakuja tena."

Hata mimi nilitaka kuendelea kumsikia. Nikamshika mkono, na mguno ukaendelea, ukaendelea, mpaka nikauma kitambaa changu nisipige kelele.

Mwishowe Nasima aliinuka mwenyewe. Akakibeba chungu hadi kwenye ngazi za nje, akakiinua juu.

Ndani, sauti ikaita, "Nasima."

Mara moja tu. Taratibu, kama mtu anayeomba.

Hakugeuka. Akakipasua kwenye saruji.

Kimya.

Usiku ule theluji ilianguka tena. Kwa kuwa alikuwa ndani ya eda, Nasima aliniomba niende makaburini nimwangalizie mumewe. Nilifika kesho yake adhuhuri. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu sawasawa, bila alama hata moja ya mguu.

Isipokuwa juu ya kaburi la Munir. Pale ilikuwa imeyeyuka hadi kwenye udongo, kwa umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti ameyakunja hadi tumboni. Mkono mmoja wa umbo hilo ulikuwa umenyooshwa.

Nikavua glavu, nikaugusa udongo. Ulikuwa na joto.

Simu ikalia mfukoni.

"Amelala vizuri, wifi?" Nasima aliuliza.

Nikavaa glavu tena.

"Amelala vizuri," nikasema.